Nduru ya Sanduku

Dani wangu anajua nduru. Usiku mtu akipiga nduru ng'ambo ya kijito, sisi vijana tunakimbilia mlangoni tukiulizana ni nini. Yeye anabaki kwenye kiti chake, anainamisha kichwa kidogo, halafu anasema: mwizi. Ama: pale wamefiwa. Ama: ni nyoka tu, rudini mlale. Likizo zangu zote za utotoni nilizimalizia kwake hapa Rangwe, na sikumbuki siku aliyokosea. Ukimuuliza anajuaje, anakutazama kama umemuuliza anajuaje kutembea.

Mwaka juzi sanduku lake la sola lilianza kulia. Milio mitatu mifupi, kimya, milio mitatu tena, na taa ndogo nyekundu. Balbu zikakataa kuwaka, redio ikanyamaza, majirani waliozoea kuja kuchaji simu wakarudi na simu zao. Dani hakuliangalia sanduku. Aliniangalia mimi.

"Nyakwara, si wewe ndiye ulisomea stima? Linasema nini?"

Nilikuwa nimerudi nyumbani miezi minne baada ya kuacha chuo, mwaka wa tatu wa uhandisi wa umeme. Karo iliisha, hamu nayo ikaisha, na siwezi kukuambia ni ipi ilitangulia. Nilikuwa nimefanya mitihani kuhusu mawimbi, nikachora mawimbi, nikahesabu mawimbi. Lakini sanduku lilikuwa linapiga nduru mbele ya bibi yangu, na mimi sikujua kama ni mwizi, ni msiba, ama ni nyoka tu.

Namba ya kampuni iliyotuuzia ilikuwa haipokelewi. Sitaitaja, maana siku hizi masanduku ni mengi na kampuni ni nyingi, na kisa ni kilekile. Dani alikuwa amemaliza kulipa kitambo. Sanduku lilikuwa lake. Lugha iliyokuwa ndani yake haikuwa yake.

*

Tuanzie mbali kidogo, kwa sababu jambo hili halikuanza na sola.

Mwaka 1879 waya wa telegrafu uliolazwa chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden. Kuanzia hapo habari ya Zanzibar ingeweza kufika London bila kungoja meli. Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa, na tarehe 20 Desemba 1901 ikafika ukingoni mwa ziwa, pale tunapopaita Kisumu na wao wakati huo walipaita Port Florence. Kando ya reli, nguzo kwa nguzo, ulikuja waya wa telegrafu. Reli yenyewe haikufika Homa Bay. Huku kwetu tuliunganishwa kwa meli za ziwani. Lakini amri zilizoshuka kwenye meli hizo mara nyingi zilikuwa zimesafiri kwanza kwenye waya ule.

Katika nchi ya Wanandi, watu walikuwa wakiukata waya na kujitengenezea mapambo. Nilivyofundishwa shuleni, kisa hiki kilisimuliwa kama kichekesho: tazama watu wa kale, wanavaa mawasiliano shingoni. Nimekifikiria upya. Waya unapita juu ya shamba lako. Umebeba maneno yanayokuhusu wewe, askari wangapi wanakuja, kutoka wapi, lini. Huwezi kuyasikia. Kwako wewe, waya huo una thamani gani zaidi ya ile ya chuma chake? Upinzani wa Wanandi ulivunjwa baada ya Koitalel arap Samoei kupigwa risasi tarehe 19 Oktoba 1905, kwenye mkutano ulioitishwa kwa jina la amani. Waya ukaendelea kupiga.

Hapa kuna jambo ambalo nilichelewa kuliona. Lugha ya waya ule haikuwa siri. Msimbo wa Morse, nukta na vistari, ulikuwa umechapishwa vitabuni tangu karne ya 19. Mtu yeyote aliyefundishwa angeweza kuketi karibu na mashine na kusoma kwa sikio. Kilichofungwa kilikuwa kiti, nani anaruhusiwa kuketi pale na nani anafundishwa. Kwa hiyo kuna milango miwili. Mmoja ni wa lugha, mwingine ni wa sikio. Mara nyingi tunadhani tumefungiwa ule wa kwanza, kumbe ni wa pili.

*

Ruka hadi 1982. Mkenya ukimtajia mwaka huo anakumbuka tarehe moja: Agosti 1, wanajeshi wa Jeshi la Anga walipojaribu kuipindua serikali. Moja ya sehemu walizokimbilia ilikuwa kituo cha Sauti ya Kenya, na Leonard Mambo Mbotela akalazimishwa kutangaza redioni kwamba serikali imepinduliwa. Kila mtu alielewa bila kuelezwa: anayeshika mawimbi ameshika nchi, hata kama ni kwa saa chache.

Mwaka huohuo, Uholanzi, kampuni ya Philips ilikuwa inashughulikia jambo dogo sana. Ndani ya televisheni kulikuwa na chipu nyingi zilizohitaji kuongea, na kuvuta waya kutoka kila chipu hadi kila chipu kulikuwa gharama. Wahandisi wake wakabuni njia ya kuongea kwa nyaya mbili tu, wakaiita I2C. Waya mmoja unapiga mdundo kama ngoma. Wa pili unabeba maneno. Leo njia hiyo imo kwenye simu yako, kwenye laptopu yako, na ilikuwa ndani ya sanduku la Dani.

Inavyofanya kazi si ngumu kwa mtu aliyelelewa na hodi. Nyaya zote mbili zikiwa juu, ni kimya. Hakuna mtu mlangoni. Waya wa maneno ukishuka wakati wa mdundo uko juu, hiyo ni hodi. Baada ya hodi, chipu kubwa inataja jina la inayemtafuta, biti saba, moja kwa kila mdundo. Biti ya nane inasema nimekuja kukupa ama nimekuja kuchukua. Kisha inaachia waya na kusubiri mdundo wa tisa. Mwenye jina hilo akiwepo, anauvuta waya chini: naam. Asipokuwepo, waya unabaki juu.

Ni hivyo tu. Hodi, jina, shida yako, naam. Itifaki, neno linalotisha kwenye vitabu, ni adabu ambazo pande mbili zimekubaliana kabla hazijaonana.

Kuna itifaki nyingine unayoiandika kwa vidole vyako bila kujua. Ukinunua stima ya kulipia kabla, unatumiwa tarakimu 20 na unazibonyeza kwenye mita. Utaratibu huo unaitwa STS, ulizaliwa Afrika Kusini na ukaenea nchi nyingi. Ndani ya zile tarakimu kuna muda uliohesabiwa kwa dakika, kuanzia tarehe 1 Januari 1993, katika nafasi ya biti 24. Biti 24 zinabeba hesabu 16,777,216 na hazizidi hapo. Piga hesabu na utaona dakika hizo zinaisha tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo maana mwaka ule Kenya Power ilihangaika kuwaambia watu wasasishe mita zao kabla ya siku hiyo. Wengi walidhani ni njama ya kuwapandishia bei. Sababu ilikuwa kaunta iliyojaa, uamuzi uliofanywa kitambo na watu ambao labda hawakuwaza kwamba mwaka 2024 ungefika kweli.

Na tazama tofauti. Kanuni za STS zinajulikana, zimeandikwa kama kiwango cha kimataifa. Kilicho siri ni ufunguo wa kila mita. Ni kama M-Pesa: kila mtu anajua menyu, hakuna anayejua PIN yako. Kujua lugha si wizi. Nasema hivi mapema kwa sababu nikitaja nilichofanya na sanduku la Dani, kuna mtu atakayeuliza kama nilikuwa navunja kufuli. Hata kwa masanduku ya mkopo, lugha si lazima ifichwe. Solaris Offgrid, kampuni iliyofanya kazi Tanzania, iliuweka wazi utaratibu wake wa tokeni za sola, OpenPAYGO Token, ili mtengenezaji yeyote autumie. Kufuli haikuvunjika kwa watu kujua inavyotengenezwa.

*

Sasa turudi mezani kwa Dani.

Kwenye begi langu nilikuwa na kifaa kidogo, saizi ya kiberiti, nilichonunua Luthuli Avenue nikiwa bado chuoni, shilingi 1,200. Kina miguu minane ya kushika nyaya minane, na kinatazama kila mguu mara milioni 24 kwa sekunde: juu ama chini, juu ama chini. Hakijui zaidi ya hapo. Ukiunganisha na laptopu unapata michoro ya meno ya msumeno, ukurasa baada ya ukurasa. Hayo meno ni sauti za nduru. Bado unahitaji Dani wa kuketi kitini na kusema hii ni ya mwizi.

Huyo Dani anaitwa dikoda.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 watu wawili, Uwe Hermann na Bert Vermeulen, kila mmoja alikuwa ameanza kivyake kuandika programu ya kusoma vifaa vya namna hii. Walipogundua wanachimba kisima kimoja, wakaunganisha kazi yao kwa jina la sigrok. Ilikuwa programu huria: yeyote anaweza kuichukua, kuisoma, kuibadilisha na kuigawa. Kabla ya hapo, kila mwenye kiwanda aliuza kifaa na programu yake, nyingi zikifanya kazi kwenye Windows pekee, na kiwanda kikichoka, kifaa chako kinageuka kokoto. Joel Holdsworth aliandika fx2lafw, programu inayopakiwa ndani ya vifaa rahisi kama changu kila unapovichomeka, na ghafla kokoto nyingi duniani zikawa masikio. Juu yake kuna PulseView, dirisha unalotazamia mawimbi.

Lakini roho ya kazi iko kwenye dikoda. Ziliamuliwa ziandikwe kwa Python, lugha ya kompyuta ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuisoma. Kila dikoda ni folda ndogo. Fungua folda ya I2C na utaona hodi, jina na naam zikiwa zimeandikwa kama nilivyokueleza. Na zinapandiana: dikoda ya I2C inatoa baiti, halafu dikoda nyingine inakaa juu yake na kusema baiti hizi ni za kipima joto aina ya LM75, leo nyuzi 27. Zipo zaidi ya mia. Ipo ya rimoti za televisheni, ipo ya kadi za kumbukumbu, ipo ya magari. Ipo hata ya Morse. Ningekuwa na waya wa mwaka 1901, ningeusoma kutoka hapa mezani.

Nilifungua sanduku kwa bisibisi ya fundi wa sokoni. Yeye ni mkubwa kwangu kwa miaka kumi, ana kibanda kati ya kinyozi na muuza mbegu, na hajawahi kuingia darasa la umeme. Alishika taa, mimi nikashika nyaya. Tukaanika miguu miwili kwenye nyaya mbili zilizoelekea kwenye betri. Nikarekodi sekunde tano. Nikachagua I2C.

Kwenye kioo yakatokea maneno, yakijirudia kila sekunde moja. Hodi. Jina: 48, kwa namna kompyuta zinavyohesabu. Na pale kwenye mdundo wa tisa, waya ulibaki juu. Hakuna naam.

Hodi. 48. Kimya. Hodi. 48. Kimya.

"Anamwita nani?" fundi akauliza.

Nikatafuta. 48 ni jina ambalo vipima joto vya jamii ya LM75 hutumia. Chipu kubwa ilikuwa inauliza betri iko joto kiasi gani, na haikuwa inajibiwa. Kwa usalama, ikakataa kuchaji na kukataa kutoa. Betri ya lithiamu usiyojua joto lake ni kitu cha kuogopa, kwa hiyo sanduku lilikuwa na haki ya kupiga nduru. Fundi akainama na miwani yake ya kusomea, akakigusa kile kipima joto kwa ncha ya kisu. Mguu mmoja ulitikisika. Lehemu ilikuwa imepasuka. Alichukua dakika mbili kuulehemu upya.

Hodi. 48. Naam. Nyuzi 26.

Balbu ya Dani iliwaka saa moja jioni. Alisema asante kwa fundi.

*

Ingekuwa insha nyingine, ningekomea hapo, kijana aliyeacha chuo ameokoa kijiji. Ngoja nikwambie kilichofuata.

Mimi na fundi tulinogewa. Ndani ya masanduku yale kulikuwa na waya mwingine, kati ya betri na bodi kubwa, ambao ulizungumza lugha ambayo sigrok haikuwa nayo. Herufi zake zilijulikana. Ni njia ya kawaida ya kutuma baiti moja baada ya nyingine, na dikoda yake ipo. Lakini maneno yalikuwa ya kampuni. Baiti kumi na mbili kila sekunde mbili. Nilikaa wiki tatu nikilinganisha baiti na namba zilizoonekana kwenye kioo cha sanduku. Hii ikipanda, chaji inapanda. Hii haibadiliki, itakuwa mwanzo wa sentensi. Hii ni afya ya betri, asilimia. Nikaandika dikoda yangu, mistari 90 hivi. Nikaiweka kwenye laptopu kuukuu ya fundi, nikamwonyesha pa kubonyeza. Kwa mara ya kwanza tangu niache chuo, nilihisi nimemaliza kitu.

Kwa miezi kadhaa ilifanya kazi. Watu walileta masanduku kutoka Kochia, kutoka Kagan, mengine kwa pikipiki. Fundi alikuwa anasoma afya ya betri kama daktari.

Kisha mama mmoja anayeuza omena sokoni akaleta sanduku la toleo jipya, lisilo na kioo. Lilikuwa linazimika saa nne usiku. Dikoda yangu ikasema afya ya betri ni asilimia 31. Fundi akamwambia ukweli, kama alivyoamini: betri imekwisha. Mama akanunua nyingine, shilingi 9,500. Baadaye nilijua zilikuwa pesa za shule.

Betri mpya iliwekwa. Sanduku likaendelea kuzimika saa nne usiku.

Tulilichukua tena. Nikaliacha linarekodi mchana na usiku. Asubuhi afya ya betri ilikuwa asilimia 22. Saa nane mchana, 33. Usiku ikarudi 23. Fundi alitazama namba zile kwa muda mrefu, halafu akasema polepole, "Omera, ni betri gani inapona jua likiwaka?"

Nilihisi tumbo langu likishuka. Haikuwa afya. Ilikuwa joto. Katika toleo jipya waliongeza baiti moja katikati ya sentensi, na kila kitu kilichofuata kikasogea nafasi moja. Baiti ya pili ilikuwa inataja urefu wa sentensi, na ilikuwa inasema wazi kabisa: kumi na tatu. Sikuwa nimeiambia dikoda yangu iangalie. Niliona kumi na mbili kila siku nikadhani dunia ni kumi na mbili. Kosa halisi la sanduku la mama yule lilikuwa swichi ya paneli iliyochakaa. Shilingi 80.

Mimi na fundi tuligawana deni. Yeye alitoa nusu papo hapo kutoka kwenye kopo la kibanda. Yangu niliilipa kidogo kidogo kwa miezi mitano, kwa pesa za kuandika. Mama alipokea bila kelele. Hilo ndilo lililouma zaidi. Angenipigia nduru ningejua la kufanya.

*

Nilirudi kusoma sigrok kwa jicho lingine. Mwanzoni nilikuwa nimesoma ili nijue jinsi ya kuandika dikoda. Sasa nilisoma ili nijue watu wanaishi nazo vipi miaka inapopita.

Niligundua kwamba sehemu kubwa ya historia yake si ubunifu. Ni ukarabati. Kwa miaka ya mwanzo, dikoda ilibidi itazame kila kipimo mmoja mmoja, kama askari wa lango anayeambiwa aandike kila sekunde kwamba hakuna aliyepita. Ilikuwa sahihi, ila polepole mno. Mwaka 2017, katika toleo la 0.5.0, mtindo ulibadilishwa. Sasa dikoda inasema: niamsheni waya huu ukipanda. Kusubiri kunafanywa na sehemu ya chini iliyoandikwa kwa lugha ya C, yenye kasi. Kizuri. Lakini dikoda zilizokwisha kuandikwa zilikuwa za mtindo wa zamani, na nyingine ziliandikwa na watu waliokwisha kuendelea na maisha yao. Mtu fulani alilazimika kuzifungua, moja baada ya nyingine, na kuzigeuza bila kuvuruga maana. Kazi hiyo haina picha.

Niligundua pia kwamba kando ya dikoda kuna hazina nyingine, sigrok-dumps. Ni mkusanyiko wa rekodi za mawimbi halisi kutoka kwenye vifaa halisi, na maelezo ya kilichorekodiwa. Ukibadilisha dikoda, unaipitisha kwenye rekodi zile na kuona kama bado inasema kilekile. Kwa maneno mengine, watunza kamusi hawakuweka maana tu, waliweka na sauti. Ndiyo kinga dhidi ya mtu kama mimi. Ningekuwa na rekodi za matoleo mawili ya sanduku, dikoda yangu ingeshtuka siku ya kwanza.

Nikatafuta humo sanduku kama la Dani. Sikulikuta. Nilikuta vitu vya mezani kwa watu wa Ulaya na Marekani: vipima hewa, saa, rimoti, vifaa vya maabara. Sikuudhika. Mtu hurekodi kilicho mezani kwake. Lakini nilielewa ule mlango wa pili niliokutajia, wa sikio. Lugha iko wazi, programu ni ya bure, kifaa ni shilingi 1,200, na kiti kiko wazi. Vitu vyetu havimo kwenye kamusi kwa sababu hakuna aliyeketi mezani kwetu akarekodi. Mwaka 1901 tulizuiwa kuketi. Sasa hivi, angalau kwa jambo hili, hatuzuiwi. Tunahitaji tu mtu wa kuketi, na huyo mtu abaki hata baada ya kazi kuacha kunoga.

Kwa hiyo sasa kibanda cha fundi kina daftari. Kila sanduku linaloingia tunalirekodi dakika moja kabla ya kuligusa. Tunaandika toleo, mwaka, joto la siku, tatizo aliloeleza mwenyewe. Jina la mteja hatuandiki. Faili zinakaa kwenye laptopu, na nakala kwangu. Dikoda yangu sasa inaangalia urefu, inakagua ile baiti ya mwisho ya hesabu, na ikikutana na sentensi isiyoijua inasema sijui. Kuifundisha kusema sijui kulichukua mistari sita. Ndiyo mistari ninayojivunia. Nimeanza kusafisha rekodi zetu ili niziombee nafasi kule kwa wengine, pamoja na maelezo yake. Si haraka. Naandika, nafuta, nauliza fundi, naandika tena.

Majuzi nilimsimulia Dani kisa chote cha mama wa omena, maana alikuwa amesikia nusu yake sokoni. Nilitarajia anifokee. Alikuwa anachambua maharagwe, hakuinua macho.

"Hata mimi nilikosea," akasema.

Nikamwambia sijawahi kumwona akikosea nduru.

"Hukuwa umezaliwa. Ama ulikuwa mdogo. Pikipiki zilipoanza kujaa huku, usiku mmoja nikasikia nduru barabarani, nikasema ni walevi. Tukalala." Alitupa kokoto moja nje ya mlango. "Alikuwa mtoto wa watu, ameanguka. Nduru ya pikipiki haikuwepo zamani. Ilibidi nijifunze."

"Ulijifunzaje?"

Akanitazama kwa yale macho ya umeniuliza najuaje kutembea. Halafu safari hii akajibu.

"Kila nikiisikia, siku hizi, nauliza asubuhi ilikuwa nini."